Nguo ya Baba Mkwe kutoka Kampeche

Tiketi haikuwa yangu, na mfanyabiashara hakatai nauli ya bure. Dada yangu Perpetua, mtawa na muuguzi katika kijiji cha Wamaya huko Kampeche, Meksiko, alikuwa anaweka nadhiri zake za daima, na shirika lake likakubali kumlipia ndugu mmoja aje kushuhudia. Hiyo ndiyo sababu niliyowaambia watu. Ukweli ni kwamba nyumbani kulikuwa kumenishinda.

Nyumbani ni Gisenyi, jirani na Grande Barrière, kituo cha mpakani cha kuvukia Goma, ninakouza vitenge. Mwaka ule wa 1999, mkulima mmoja wa Kanama alikuwa akilima shamba la maharage, jembe lake likagonga mifupa ya watu waliouawa mwaka 1994. Mke wangu Odeta alimtambua baba yake, mzee Gakire, kwa mkanda ambao yeye Odeta aliushona kwa mkono wake. Tangu siku hiyo usingizi ukamkimbia, na harage halikuingia tena mdomoni mwake. Gisenyi usipokula maharage, unaishi kwa huruma ya majirani.

Wafiwa walikubaliana kuiosha mifupa iliyokusanywa ndani ya turubai na kuizika kwa heshima mwezi wa Novemba. Odeta akakataa. "Mi siendi. Baba alikuwa mutu. Sitamuangalia mu turubai."

Nikamwambia asiende, wapo watakaoosha. Mimi mzee sikumjua. Nilirudi kutoka Tanzania yeye hayupo tena. Ng'ombe wa mahari nilimalizana na mjomba wa Odeta, kwa bei nzuri. Nzuri kwangu.

Asubuhi ya kuondoka, jirani yetu Mama Shantali, muuza sambaza, dagaa wa ziwa letu, alinisimamisha na beseni lake kichwani. "We unaenda mbali hivyo, kule iko sambaza?"

"Iko dada yangu."

"Bon. Basi umuletee Odeta dawa ya kulala. Ya hapa amekunywa yote, macho iko wazi tu."

Kanama tulipita ndani ya basi dogo na sikugeuza shingo kulitazama lile shamba. Kigali, ndege. Ulaya, baridi na ndege nyingine. Mji mkuu wa Meksiko, halafu basi la usiku kucha hadi mchana, kati ya vichaka na mahindi. Nilikuwa na begi moja. Hata hivyo nililihesabu mara mbili kila kituo.

Kijijini nilifika siku chache kabla ya sikukuu ya marehemu wote. Perpetua alinikumbatia, akanilisha, kisha akanipeleka makaburini kwa jirani yake, Mama Felipa, mjane mnene mwenye gauni jeupe la maua. Nilidhani tunakwenda kusali.

Mama Felipa alikuwa ameketi mbele ya kijumba cha saruji, na mapajani mwake lilikuwamo fuvu la mumewe. Alikuwa akilipangusa kwa brashi kavu huku akilisemesha.

Nilirudi nyuma hatua moja. Siyo kwa mifupa. Mifupa tumeiona kwetu, Mungu anisamehe, kuliko watu wengi. Kilichonipiga ni kwamba mama huyu alikuwa anacheka.

"Anasema nini?" nilimuuliza Perpetua.

"Anamwambia, Anselmo, ungepiga mswaki nilipokwambia, leo nisingekuwa napangusa meno mawili tu."

Kila mwaka watu wa kijiji hicho hufanya hivyo. Mtu akishakaa kaburini miaka kadhaa, hutolewa, mifupa husafishwa na kulazwa katika sanduku la mbao, juu ya kitambaa kipya kilichotariziwa jina lake. Kitambaa ndiyo nguo yake ya sikukuu.

"Wewe muuguzi," nikasema, "unaona hii ni afya?"

"Mimi humpa dawa ya presha. Lakini muulize alikuwaje kabla hajamwosha."

Mama Felipa hakungoja swali. Alijigonga kifuani kwa mpini wa brashi, akasema, Perpetua akinitafsiria: "Jiwe, hapa. Sikula, sikulala. Siku ya kumtoa walinivuta kama mbuzi. Nikamshika. Kumbe ni Anselmo tu."

Nikamsimulia habari za mzee Gakire. Kicheko kikakatika. Akaweka fuvu chini polepole, akajifuta mikono.

"Wamaya wenzetu, ng'ambo ya mpaka, Guatemala, nao wanafukua waliouawa," alisema. "Aliyekufa kitandani anaweza kusubiri. Huyo wenu anataka mkono unaomjua."

Kesho yake Perpetua na Mama Felipa walinipeleka sokoni, nikaagiza kitambaa chenye jina la Gakire. Mshonaji akataja bei. Nikataja nusu. Akatikisa kichwa, nikaondoka, kama tufanyavyo Goma, nikitembea taratibu ili niitwe. Sikuitwa. Nilifika hadi kwenye nyanya, hakuna aliyeniita. Nilipogeuka, soko zima lilikuwa linanitazama kama mtu aliyetema mate kanisani.

Mama Felipa alinishika kiwiko. "Nguo ya mzima, bishana mpaka jioni. Ya marehemu, lipa. Hawezi kurudi kuibadilisha."

Nikalipa yote.

Perpetua aliweka nadhiri zake, akalia, nikalia. Nikarudi.

Siku ya kuosha, Kanama ilijaa watu na mabeseni. Odeta alikuja kwa sababu nilimwambia nina kitu cha kumpa baba yake, nami sijui pa kukiweka. Alisimama mbali, mgongo kwetu. Nikamkunjulia kitambaa. Akalisoma lile jina, akapitisha kidole juu ya nyuzi.

"Uliomba wapunguze?"

"Niliomba. Wakakataa."

"Donc? Ukafanya nini?"

"Nililipa bei yote."

"We? Bei yote?"

"Yote."

Akacheka. Alijiziba mdomo kwa kitambaa, watu wakageuka kwa mshtuko, kama nilivyoshtuka mimi kule makaburini. Halafu akaenda mpaka kwenye turubai, akapiga magoti.

"Baba, ona mukwe wako. Ile ng'ombe alikwepa, ameanza kulipa." Kisha, bila kunitazama: "Leta maji."

Nilileta. Aliosha yeye, kila mfupa, akilia na kumsemesha.

Sikurudi na dawa ya usingizi, na wafu wetu hawakufa kama Anselmo. Nilichokiona ni kwamba mkono wa mtu unaweza kuogopa kitu ambacho ndicho unachokihitaji, na kwamba kumwambia Odeta asiende ulikuwa upole wa bei rahisi.

Baada ya maziko waliandaa chakula: viazi na maharage. Odeta alishika sahani muda mrefu. Akala. Kisha akainyoosha kwa mpakuaji, akamwambia hakumpimia vizuri, aongeze.