Wifi Yangu, Mshona Vifungo

Wifi yangu sijamsamehe. Nalisema mapema ili mtu asije akadhani namsimulia hapa kwa sababu tumepatana. Hatujapatana. Mama yangu alipokufa aliacha kitanda cha mbao nzito, miguu imechongwa, na udongo wa kaburi haujakauka wifi alishamuuzia jirani, eti chumba kidogo. Miaka kumi na tisa jirani analalia kitanda cha mama yangu, na mimi namsalimia kila asubuhi kama bwege.

Lakini mtu ukimnunia miaka yote hiyo unamjua kuliko wanaompenda. Wanaompenda hawamwangalii.

Mimi ni mfagiaji kwenye shule ya sekondari, shule ya bweni, wavulana na wasichana. Watoto wananiita Bibi Fagio wakidhani sisikii. Kaka yangu alipofariki, shule ikamchukua wifi awe anashona sare zinazochanika. Wakampa kile chumba cha nyuma ya ukumbi kilichokuwa kinatupiwa madawati mabovu. Dirisha moja, benchi moja, cherehani ya kukanyaga kwa miguu inayopiga kelele kama mabati yanayoburutwa, na bakuli la bati lililojaa vifungo. Watoto wakamwita Mama Vifungo. Mimi niliyetangulia miaka mingi ni Fagio, yeye aliyekuja juzi ni Mama. Haya.

Wifi ni mfupi, mnene, miwani imefungwa kwa uzi mweusi upande mmoja. Kuongea si kazi yake. Nyumbani kwa kaka ungeweza kukaa naye tangu chai mpaka chakula cha mchana ukatoka na maneno matatu, na moja ni "karibu".

Sasa, kufagia ni kazi ya macho. Watu hawajui. Mfagiaji anajua nani kala nini, nani kalia wapi, nani kachana barua. Na mimi nikifagia chumba cha wifi kila jioni nikaanza kuona vipande vya uzi mweupe, vile vinavyobaki kifungo kikidondoka. Uzi uliokatika wenyewe una ndevu, ncha yake imechakaa, imefanya manyoya. Huu ulikuwa umekatwa pa! Ncha safi. Wembe huo.

Nikajiuliza, ni mtoto gani anakata kifungo cha shati lake mwenyewe?

Nikamsimamisha mmoja, mvulana mrefu wa kidato cha tatu, shati liko wazi kifuani.

"We, kifungo kimefanyaje?"

"Kimekatika tu, bibi."

"Kimekatika chenyewe?"

"Chenyewe, bibi."

"Na wiki iliyopita? Kilekile cha pili kutoka juu?"

"Nacho chenyewe."

"Basi hilo shati lina laana, mwanangu. Litupe."

Akacheka, akaenda zake. Kwa Mama Vifungo, wapi kwingine.

Nikaanza kufagia chini ya lile dirisha. Nilifagia mpaka mchanga ukaisha nikawa nakwangua mwamba. Kusikia sikusikia kitu, cherehani inanguruma mwanzo mpaka mwisho. Nasikia tu wifi, mara mojamoja, "Ehe." Kisha "Halafu?" Cherehani tena. Siku moja nikasimama juu ya ndoo nikachungulia. Mama yangu! Wifi ana shati mapajani, anashona kifungo kwa mkono, polepole kama anayelea jipu. Kifungo ambacho fundi wa kweli anakimaliza hujamaliza kukohoa, yeye alikaa nacho mpaka kengele ikalia. Na miguu yake chini inakanyaga cherehani. Sindano inapanda inashuka, haina uzi, haina kitambaa. Inashona hewa.

Mtoto kwenye benchi mdomo unamwenda. Sikujali. Mimi niliona cherehani tu.

Nikasema, kumbe! Amewafundisha watoto wakate vifungo aonekane ana kazi nyingi, na cherehani anaipiga bure ili huku nje tuseme fundi anachapa kazi. Aliyeuza kitanda cha marehemu atashindwa nini? Nikakusanya vile vipande vya uzi kwenye kopo, nikampelekea Mwalimu Mkuu.

Mwalimu Mkuu ni mama mmoja mkali, mgongo umenyooka kama rula. Akaviangalia.

"Una hakika, bibi?"

"Mwalimu, kusoma sijui, uzi naujua."

Kesho yake akatangaza mbele ya shule nzima: kila mwanafunzi atashona kifungo chake mwenyewe bwenini. Chumba cha kushonea kitafunguliwa Jumamosi asubuhi peke yake, kwa sare zilizochanika kweli. Na mwenye shida yoyote ya moyo au masomo, mwalimu wa ushauri yupo ofisini kwake.

Ngoja niwaambie habari za ofisi hiyo. Mlango wake unatazamana na uwanja wanakopanga mistari asubuhi. Juu wamebandika kibao, maandishi makubwa hata mimi nayaona. Ukiingia pale saa nne, saa sita shule nzima imeshakupa jina. Wale walioingia zamani waliitwa Wodini. "Wodini anapita, mpisheni." Ndani anakaa kijana mmoja mpole, amesomea kabisa mambo hayo, watoto wanamwita Mwalimu Pole kwa sababu kila unachomwambia anajibu pole. Nimechelewa, pole. Nimeshinda, pole. Nilikuwa nafagia ofisi yake kila siku na haichafuki. Sakafu isiyochafuka haikanyagwi. Hilo nililiona, nikalipita. Akili zangu zilikuwa kwenye kitanda.

Wifi hakunigombeza. Tulipokutana bombani akasema hivi tu: "Wifi, safari hii umefagia mpaka kwangu."

Nikamjibu, "Kulikuwa na taka."

Zikapita siku kumi.

Kulikuwa na msichana mmoja wa kidato cha nne, wanamwita Kalamu. Mwembamba, na tangu kidato cha kwanza sikuwahi kusikia amekuwa wa pili. Mimi nilimjua kwa jambo moja: chakula chake kilikuwa kinaishia kwenye pipa langu, amekipanga vizuri chini ya makaratasi, kama mtu anayezika. Nilidhani anaringa.

Jumanne hiyo, saa za vipindi, nikaingia kufagia vyoo vya wasichana. Nyuma ya tangi la maji nikamkuta amekaa sakafuni. Sketi ameikusanya kiunoni kwa pini tatu.

"Wewe, darasani kumeungua?"

Akaniangalia kama anatafuta jina langu. "Bibi, chumba cha Mama Vifungo kimefunguliwa?"

"Jumamosi."

"Leo siku gani?"

"Jumanne."

Akaanza kuhesabu kwa vidole. Jumatano, Alhamisi, Ijumaa. Akarudia. Anahesabu kama mtu mwenye maji kidogo na njia ndefu. Mimi nimezika mume na watoto wawili, sitishiki ovyo, lakini vile vidole vilinitisha.

"Inuka," nikamwambia.

Akainuka, akapepesuka. Nikamdaka. Mwili mwepesi kama nguo zilizokauka kambani.

"Twende kwa Mwalimu Pole."

"Hapana, bibi! Wote wako madirishani, wataniona. Nipeleke kwa Mama."

Basi nikampitisha nyuma ya jiko, hadi kwa wifi. Alikuwa amekaa nje ya chumba chake kwenye kigoda, ufunguo mkononi, kama mjane aliyefiwa tena. Alipotuona alifungua mlango.

Akamkalisha benchi, akachukua tepu ya kupimia, akamzungushia kiuno. Halafu akafunga mlango, na ndipo nikauona ule mlango kwa ndani. Mimi siku zote nafagia ukiwa wazi, umelala ukutani. Umejaa chaki. Majina hakuna. Kila mtoto ana picha yake: kikombe, ufunguo, kiatu, na penye kalamu pana namba zinashuka. Namba nazijua. Ishirini na nane. Ishirini na sita. Ishirini na nne na nusu. Wifi akaandika chini yake, ishirini na tatu.

"Ulikuwa unajua?" nikamuuliza.

"Nilijua. Kila akija nipunguze sketi, anasema kidogo. Maneno yake yalishafika kwa baba yake." Akaweka chaki chini. "Alikuwa anakaribia kumaliza. Ukafagia."

Hilo lilinichoma, na sikatai. Kosa langu ni langu, sijajisamehe wala sina haraka. Lakini wifi naye nisimwache apite hivihivi.

"Na wewe, mlango mzima wa namba! Mbona hukumwita muuguzi? Namba zinamlisha mtu?"

"Aliniomba nisiseme."

"Mficha maradhi kifo humuumbua, wifi! Usiseme alichokwambia, sawa. Lakini kukonda hakukuwa siri, sketi ilikuwa inasema. Ulikaa hapa unapunguza nguo, unapunguza, mpaka mtoto aishe?"

Miwani ikawa na ukungu. Kalamu akatuangalia, huyu, yule, akasema kwa sauti ndogo, "Msigombane. Mwiteni muuguzi. Nimechoka."

Muuguzi akaja. Mimi nikaenda kwa Mwalimu Mkuu, na fagio mkononi.

"Mwalimu, lile kopo la uzi nililokuletea, uzi ulikuwa kweli, maneno yangu yalikuwa ya kijinga. Njoo usome mlango."

Akaja. Akausoma kutoka juu mpaka chini, mgongo ukalegea kidogo. Halafu akauliza, "Na hii cherehani kupigwa bila nguo ni kwa nini?"

Wifi akasema, "Mwalimu, tafadhali simama nje, chini ya dirisha."

Akasimama. Wifi akaanza kukanyaga. Akanikonyeza niongee. Nikasema kwa sauti yangu ya kawaida, "Mwalimu Mkuu huyu ana kiburi, na viatu vyake vinanuka." Muuguzi akajishika mdomo. Kalamu, kichwa kwenye ukuta, akatabasamu.

Wifi akasimamisha mguu. Mwalimu Mkuu dirishani: "Mmesemaje?"

"Tumesema una busara," nikamjibu.

Akaelewa. Si mjinga. Mtoto anayekwenda kushonewa kifungo hachekwi na mtu, na anachosema pale ndani hakisikiwi na mtu. Ndiyo maana walikuwa wanakata. Kifungo kilikuwa ruhusa yao.

Chumba kikafunguliwa siku zote. Na Mwalimu Pole akahamishiwa humo, kibao kikabaki kwenye ofisi tupu. Siku ya kwanza alipewa sindano akajitoboa mara tano, halafu akashona mkono wa shati la mvulana pamoja na suruali yake mwenyewe. Akasimama, mtoto akasimama naye. Watoto walijaa mlangoni kumcheka, na waliokuja kucheka wengine wakabaki. Wifi akamfundisha.

"Usiseme pole, mwalimu. Ukisema pole anaona umeshafunga hesabu. Sema ehe."

"Ehe," akasema yule kijana, amekaa kama mwanafunzi.

"Lakini mwalimu," nikamwambia mimi, "huyu atakufundisha kusikia. Wakati wa kuita watu mfundishe wewe. Hapo hajui kitu."

Tangu siku hiyo kiuno kikipungua mara mbili muuguzi anaambiwa, na mtoto anaambiwa kwanza kwamba muuguzi ataambiwa.

Kalamu alilala zahanati ya shule wiki mbili. Baba yake akaitwa, fundi baiskeli, mikono myeusi kwa grisi. Akakalishwa kwenye benchi, wifi akakanyaga cherehani, Mwalimu Pole katikati na sindano yake. Kilichosemwa sikusikia, nilikuwa nje, na safari hii sikupanda ndoo. Baadaye Kalamu mwenyewe aliniambia. Alikuwa ameanguka akawa wa saba. Kila akifungua kitabu tumbo linajifunga, na akifikiria likizo linajifunga zaidi, maana baba amewaambia mtaa mzima kwamba binti yake atakuwa daktari.

"Baba akasemaje?"

"Akasema, 'Niliwaambia utakuwa daktari, sikuwaambia lini.' Halafu akalia, bibi. Sikujua kama analia."

"Kila mtu analia. Wengine tunafanya tukifagia."

Usidhani akapona siku hiyo. Alikuwa akila vijiko vinne, kesho viwili. Mtihani wa nusu muhula alikuwa wa kumi na moja, akaja kwa Mwalimu Pole akakaa siku nzima na shati ambalo halikuwa na kasoro yoyote. Mimi pipa langu nalichungulia kila mchana. Makaratasi nayainua. Siku nyingine nakuta, siku nyingine sikuti.

Mwezi uliopita akaingia pale ndani, mimi nafagia. Akasimama mbele ya wifi, amechomoa shati nje ya sketi.

"Mama, inabana."

Wifi alinipa mimi tepu. Nikamzungushia. Mikono yangu ni ya fagio, tepu ikajikunja, nikaianza upya.

"Ishirini na sita," nikasoma.

"Soma tena," wifi akasema.

"Kwani hata kusoma namba huniamini? Ishirini na sita!"

Akaiandika mlangoni chini ya ishirini na tatu, akakaa, akaanza kufumua kiuno cha ile sketi, mishono yote aliyoipunguza, mmoja baada ya mwingine. Kalamu akangoja kwenye benchi amejifunga kanga ya wifi, anakula mkate.

Nilipomaliza kufagia nilikuwa na konzi nzima ya uzi. Uzi wa kufumua haufanani na mwingine. Una mawimbi, umekaa na umbo la mshono. Sikuutupa kwenye pipa. Niliuweka kwenye lile kopo nililompelekea Mwalimu Mkuu.

"Wifi," akaniita nikiwa mlangoni, "kifungo cha koti lako kinaning'inia. Njoo nikushonee."

"Kimelegea chenyewe," nikamwambia. "Na kitanda cha mama kiko wapi?"

"Ehe," akasema, akaanza kukanyaga cherehani.

Nilienda zangu. Bado kinaning'inia.