Matumbo Madogo Mbele ya Ebitoke

Huku kwetu Bukoba mtu akikonda hapongezwi. Nasikia kwenye miji mingine ukipungua mwili unaulizwa siri, unaombwa namba ya mwalimu wa mazoezi. Hapa watu wananyamaza. Wananyamaza, halafu wanakuletea sukari na sabuni. Mimi niliporudi kutoka Dar es Salaam, nimeshafanyiwa upasuaji wa kupunguza tumbo na mwili umeanza kuisha, jirani yangu wa hapa Buhembe alikuja na kuku hai kwapani. Akakaa, akanitazama, akalia. Nikamweleza kwamba nilikuwa na kisukari na presha, magoti yalishagoma, madaktari wakanikata sehemu kubwa ya tumbo, sasa nakula kidogo tu, ndiyo maana napungua. Akaitikia, "Ndiyo dada, ndiyo." Akamfunga kuku wake kwenye mguu wa meza yangu, akaondoka bila kuniamini hata chembe. Loo! Yule mama nilimchukia, jamani.

Lakini kumlaumu sana siwezi. Mkoa huu umezika watu. Sisi tuliokuwa watoto miaka ile, kabla dawa za UKIMWI hazijafika, tulijua mpangilio wake: mtu anaanza kukonda, kisha anatapika, kisha watu wanashusha sauti akipita, kisha mnaitwa kuchimba. Macho yetu yalifundishwa hivyo, na hayajasahau mpaka leo.

Ndiyo maana tukaanzisha kikundi. Tuko wachache, wanawake tuliopasuliwa, na wengine wawili watatu wanaofikiria kupasuliwa ambao huja kuuliza. Tunakutana kwangu Jumamosi, nikishafunga duka langu la vitenge pale Miembeni. Tunakunywa uji mwepesi kwenye vikombe vya watoto, maana kikombe cha mtu mzima kinatushinda. Tunaulizana maswali ambayo huwezi kumuuliza mtu mwingine. Nywele bado zinanyonyoka? Vidonge vya vitamini unameza, au vimelala kabatini? Ile ngozi inayoning'inia tumboni, mumeo anasemaje? Anayefikiria kwenda tunamwambia yote, mazuri na machungu, na kwa kuwa domo langu halina breki, mimi ndiye huwatisha. Kuna mmoja alitoka mbio hata uji hakumaliza. Nikasema aende zake, afadhali akimbie sasa kuliko akimbie akiwa ameshapasuliwa.

Sheria yetu ni moja tu: siri ya mwenzako huitoi wewe. Ataitoa mwenyewe, siku akitaka.

Sheria hiyo karibu iniue siku ya Muleba.

Mdogo wetu kwenye kikundi ni mwalimu wa shule ya msingi. Alipasuliwa baada yangu, na mimi ndiye niliyemshika mkono tangu siku ya kwanza alipokuja kuuliza. Kwao ni Muleba, na mama yake yuko huko peke yake, mkulima wa migomba na kahawa, Mkatoliki wa kusali rozari asubuhi na jioni. Mama huyo alizaa watoto wanne. Watatu aliwazika miaka ile, mmoja baada ya mwingine, na wote wamelala kwenye kibanja nyuma ya nyumba, katikati ya migomba, kama ilivyo desturi yetu. Amebaki huyu mwalimu. Sasa niambie, mtoto wa namna hiyo atamwendeaje mama yake na kumwambia, "Mama, nakwenda kukonda"? Akamwambia anakwenda Dar kwenye semina.

Semina ikaisha, miezi ikapita, mwili ukapungua kwa kasi. Mama akawa anapiga simu: mbona huji? Mbona sauti yako imekuwa nyembamba? Mwishoni akasema kama mtoto haji, yeye atakuja Bukoba mwenyewe, na mguu wake mbovu hivyo hivyo. Hapo mwalimu akaja kwangu analia.

"Dada, akiniona hivi atakufa. Presha itampanda, afe mbele yangu."

Nilimwambia amweleze ukweli. Akasema hapana, siku hiyo bado, aende kwanza mama amwone mzima, ukweli utafuata. Basi kikundi kizima tukakaa kupanga namna ya kumnenepesha. Usicheke. Sweta ndani, gauni juu ya sweta, gauni lingine kubwa juu ya hilo, halafu kitenge changu kizito cha dukani kiunoni. Alipomaliza kuvaa alijaa vizuri tu, isipokuwa shingo ilimsaliti, tukaizungushia mtandio. Na chakula je? Mama wa Kihaya hakupi maji halafu akuache uende. Wakasema, "Dada mkubwa atakwenda naye. Atakaa ubavuni, atamsaidia kula upande wake." Nikakubali kwa kifua mbele.

Tulikuwa tumepita Kemondo, nimeshika usukani wa kigari changu, ndipo akili iliponirudia. Nikapaki pembeni.

"Mwalimu," nikasema, "mimi nitakula kwa tumbo lipi?"

Tukatazamana. Miaka imepita tangu nipasuliwe, mashavu yamenirudi, nimezoea sahani yangu ndogo, na kikundi kizima kilikuwa kimesahau kwamba na mimi nimekatwa. Hata mwenyewe nilisahau! Wenye matumbo ya kikombe wawili, tunakwenda kuvamia chungu cha Muleba. Tulicheka mpaka machozi, halafu kicheko kikakatika ghafla, maana hapakuwa na la kuchekesha. Mtu wa hatua yake akijilazimisha kula, chakula kinakwama, anatapika. Na kutapika, kwa mama yule, kungekuwa ndiyo jibu la kila kitu. Niliendesha sehemu iliyobaki roho iko juu.

Tulimkuta mama anatoka kibanjani, panga mkono mmoja, jembe mkono mwingine, mikono imemjaa utomvu. Nyuma yake, kando ya makaburi, niliona migomba miwili imekatwa, mashina bado yanatoa maji. Nikashangaa kidogo, maana haikuwa imezaa, kisha nikapuuza. Mwalimu akapiga magoti kumwamkia, na magauni yote yale yakamvimba kumzunguka. Mama akaweka chini panga na jembe, akainama kumkumbatia. Nikaona mkono wake unashuka begani, unapita kwenye kiwiko, unafika kwenye kifundo cha mkono wa mwanaye, unakizunguka na kukishika. Akakaa nacho hivyo. 

"Karibuni ndani, waitu, wapendwa," akasema hatimaye. "Chakula kiko tayari."

Chakula chenyewe! Alitandika majani ya mgomba juu ya mkeka, akafunua ebitoke, ndizi zetu za kupika, vinatoa moshi, vimepikwa na maharage, na pembeni samaki mkubwa wa kisiwani Bumbire aliyemwagiza makusudi kwa ajili ya mwanaye. Ni mlima. Akakaa mbele yetu, mikono mapajani, anatuangalia.

Mimi nilifanya kila ujanja ninaoujua. Nilimega, nikasogeza, nikasifu, nikatafuna tonge moja kama ng'ombe anayecheua. Niliuliza habari za kahawa, za padri, za mguu wake. Mlima haukupungua. Mama alikuwa anahamisha macho, kwangu, kwa mwanaye, kwangu. Mwalimu akaona, akaingiwa na hofu, akaanza kula kweli. Tonge. Tonge jingine. Nikamfinya pajani chini ya kitenge aache, wala hakusikia. Kisha akaacha kutafuna. Jasho likamtoka puani, mate yakaanza kumjaa mdomoni, na kwikwi moja ndogo ikamtoka. Sisi tuliopasuliwa tunaijua kwikwi ile.

"Mama, nakuja," akasema, akatoka mbio kupitia mlango wa nyuma.

Nikamfuata. Nilimkuta amejishikiza kwenye mgomba, anatapika, na kwa sababu ya joto la yale matakataka tuliyomvalisha alikuwa amevua gauni la juu, amevua la pili, anahangaika na sweta. Nikamsaidia kulivua. Akabaki na shimizi, mabega yamechongoka, mikono myembamba, anatetemeka. Niligeuka kuchukua kitenge nimfunike, nikamwona mama amesimama nyuma yetu.

"Maawe," akasema, kwa sauti ya chini kabisa.

Akajikokota mpaka kwenye kaburi la kwanza, akakaa kwenye ukingo wake wa saruji.

"Dada yako alitapikia hapo hapo," akasema. "Mgomba huo huo."

Niseme kweli, niliogopa kuliko nilivyoogopa siku ya kuingizwa chumba cha upasuaji. Niliogopa mama ataanguka. Niliogopa mwalimu hataacha kutapika na itabidi nimkimbize hospitali. Na maneno yote ya kumaliza jambo lile yalikuwa hapa, mdomoni mwangu, sentensi moja tu! Mimi ambaye sijawahi kunyamaza popote, kanisani wala dukani, niliuma ulimi. Nilimtazama mwalimu. Nilimwomba kwa macho: sema, mtoto wee, sema.

Akafuta mdomo.

"Mama, siumwi. Nilipasuliwa. Sikwenda semina. Wamenikata tumbo ili kisukari kipungue, nakula kidogo, ndiyo maana nakonda." Akapandisha shimizi, akamwonyesha makovu yake madogo.

Mama hakuyatazama hata.

"Wa kwanza aliniambia ni malaria," akasema. "Wa pili akaniambia vidonda vya tumbo. Wa tatu akasema amerogwa na mtu wa kazini kwake. Wote walinificha ili nisiumie. Na wewe unaniambia kisu."

  Kila alichoweza mwalimu kukisema kilikuwa kimeshasemwa na ndugu zake waliolala pale. Akaanza kulia. Siri yake alikuwa ameshaitoa mwenyewe. Yangu nayo ilikuwa mali yangu, sikuhitaji ruhusa ya mtu. Nikavuta blauzi juu, mimi mama mzima, mzee wa kanisa la Kilutheri, mchana kweupe, mbele ya makaburi ya watu.

"Mama, niangalie mimi," nikasema. "Haya hapa, kama ya kwake. Na mimi nilikonda hivi. Na mimi nilitapika, watu wakaniletea kuku. Ni miaka sasa, mwanangu wa kwanza keshaoa, mimi hapa nimesimama. Shika."

Tumbo langu si la kuonyeshea watu. Ngozi imekunjamana, inaning'inia kama shuka lililoanikwa. Mama akanitazama usoni kwanza, kwa muda. Kisha akanyoosha mkono wenye utomvu akayapapasa makovu yangu, moja moja. Akamvuta mwanaye kwa mkono mwingine, akayapapasa ya kwake. Akarudi kwangu. Akarudi kwake. Alikuwa analinganisha, kama unavyolinganisha kitambaa kabla hujanunua.

"Kwa hiyo na wewe ndiyo maana hukula chakula changu?"

"Ndiyo, mama. Nisamehe. Sina pa kukiweka."

"Nilikuona unavyokisogeza," akasema, na midomo ikaanza kumcheza. "Nikasema moyoni, mwanangu ameniletea mgonjwa mwenzake, wanakuja kunifia wote wawili."

Hapo ndipo alipolia. Alilia kwa sauti, amemshika mwanaye kichwa, anamwita mwanawange, mwanawange, na katikati ya kilio anamgombeza kwa kumdanganya, na mwalimu anaitikia, ndiyo mama, ndiyo mama. Mimi nikashusha blauzi, nikasimama tu kama mpumbavu, machozi yananitiririka.

Alipotulia alituonyesha ile migomba miwili iliyokatwa.

"Jirani alikuona sokoni Bukoba," akamwambia mwanaye. "Akaja kuniambia unakwisha. Wale watatu, kila mara watu walikuja hapa wakanikatia migomba yangu haraka haraka kupata nafasi ya kaburi. Nikasema safari hii nitaikata mwenyewe."

 Mwalimu alitazama lile eneo tupu, kando ya dada zake na kaka yake.

Mama akasimama, akachukua jembe. Akachimbua chipukizi moja chini ya mgomba mkubwa, akachimba shimo palepale alipokata, akalipanda, akashindilia udongo kwa mguu wake mbovu. Tulitaka kumsaidia akatufukuza. Tulipoagana alituchujia supu ya yule samaki tukanywa kidogo kidogo, yeye anauliza, "Imekaa? Imekaa?" Ikakaa. Na akaniagiza mimi, si mwanaye, kwamba kila Jumamosi kikundi kikikutana nimpigie nimweleze ukweli wa hali ya mtoto, maana watoto wake anawajua kwa uongo.

Nimempigia kila Jumamosi, na kila nikibonyeza namba yake wasiwasi hunipanda, hata kama mwalimu yuko mbele yangu anacheka na uji mkononi. Sidhani utakuja kuisha. Imepita zaidi ya mwaka sasa, na wiki hii yeye ndiye aliyetangulia kupiga.

"Ule mgomba umezaa," akasema. "Mkungu mkubwa. Njooni Jumapili." Nikaanza kushukuru, akanikatiza. "Na safari hii, waitu, mje na mtu wa kula."