Karatasi za Ndeshi

Nakumbuka siku moja, mwanangu, niliharibu siku kubwa ya mdogo wangu kwa mikono yangu hii, tena kwa nia njema kabisa. Leo naweza kucheka. Wakati ule nilitamani ardhi inimeze.

Mdogo wangu Ndeshi haoni tangu utotoni. Alisoma shule ya bweni ya wasioona, mbali na kwetu Kirua Vunjo, na mwaka ule alirudi nyumbani kupata kipaimara. Mchungaji alimpa somo alisome mbele ya kanisa. Sisi nyumbani hatukuwahi kumwuliza anasomaje. Tulijua ana kichwa chepesi, na majirani walisema anakariri tu. Kumbe somo alikuwa amelinakili mwenyewe kwa nukta nundu, yale maandishi ya vidoti vilivyoinuka ambayo wasioona husoma kwa vidole. Mimi nilikuwa sijawahi kuyaona.

Jumamosi ilikuwa zamu yangu ya pasi. Kwetu kipaimara kikifika, hata kitambaa cha kufunikia ndizi hupigwa pasi. Nilipomaliza gauni lake jeupe, nikaona karatasi nene juu ya begi lake, zimejaa vipele. Nikadhani zimepata unyevu safarini. Nikamwonea huruma, nikazikandamiza kwa pasi ya mkaa pande zote mbili mpaka zikanyooka, nikazirudisha huku nikijisifu moyoni.

Kesho yake Ndeshi alisimama mbele, akapitisha vidole, akarudia, akageuza ukurasa. Nikavikumbuka vile vipele nilivyovinyoosha kwa pasi. Mchungaji akamnong'oneza aseme anachokumbuka, na kwa kweli somo zima alilijua. Yeye akajibu kwa sauti yake ya kawaida, "Nilikuja kusoma, Mchungaji, na maandishi hayapo." Akarudi kukaa. Mama mmoja nyuma yangu akasema si walijua tu kwamba huyu hasomi. Nami, dada yake, nikakaa kimya.

Njiani kurudi nilimweleza huku nalia. Akanishika mkono.

"Mimi nimekusamehe, dada," akaniambia. "Lakini kanisa zima limeondoka likiamini sisomi. Hilo utalisema wewe."

Wiki nzima nilikaa naye, mimi namsomea mstari, yeye anatoboa karatasi mpya kwa kibao na kalamu yake ya chuma. Alinitania kwamba nasoma kama mtu anayepanda mlima na mzigo. Jumapili nikasimama mbele ya watu wale wale, nikasema nilichofanya. Wengine walicheka, na walikuwa na haki. Kisha Ndeshi akasoma. Katikati aliruka neno, akasita, akarudisha kidole, akalisoma upya. Hapo ndipo watu walipoamini. Anayekariri harudi nyuma kutafuta neno kwa kidole. Yule mama alikuwa wa kwanza kumpa mkono.

Baadaye nilijifunza nukta nundu, ingawa nazisoma kwa macho, maana vidole vyangu vimeota sugu za jembe. Ndeshi naye ni bibi sasa, ananiandikia barua na kunisuta kwa uvivu.

Basi nisikilize, mwanangu. Usimfanyie asiyeona jambo lolote kabla hujamwuliza. Ukipewa ofisi, ukiwa mwalimu au hata katibu wa kwaya, na karatasi zinagawiwa, uliza yake iko wapi, iliyoandikwa kwa nukta nundu. Kumsomea mtu ni wema, sikatai. Lakini barua yake, majibu yake ya hospitali na kura yake ni siri yake, anastahili kuvisoma mwenyewe bila mimi na wewe kusikia. Na ukikosea, usikae kimya kama mimi nilivyokaa.

Mungu akupe moyo wa kuuliza mapema. Akuzungushie watu wanaokupenda kiasi cha kukuambia ukweli, nawe uwe mtu wa namna hiyo kwao, mpaka uzee wako.