Kidole cha Fundi Valeriani

Gia ya pili aliyoinunua Arusha nayo ilikataa. Valeriani aliipachika kwenye baiskeli, akaitoa, akaipachika tena; matundu yake ya bolti yakapishana na yale ya baiskeli kwa upana wa punje ya haragwe. Alikaa chini palepale kwenye mafuta, kinywa wazi.

Mtu mwingine angekosea, sawa. Lakini huyu ni mzaliwa wa Kansay, mwenye banda lake Karatu mjini kwa miaka thelathini, na hajawahi kumiliki rula. Anaweka ncha ya kidole cha shahada kwenye tundu moja, anaangalia tundu la jirani limefika wapi kidoleni, halafu anapanda basi kwenda Arusha kutafuta gia ya kipimo hicho. Waliokuja na futi aliwacheka waziwazi. Sasa Supeet, anayewatembeza watalii kwa baiskeli, alikuwa amesimama mbele yake, na alikwisha kusema kwa adabu kwamba bosi wake ametaja fundi mwingine.

Valeriani alimlaumu muuza vipuri, akawalaumu wenye kiwanda. Mkewe Angela, aliyeleta chakula cha mchana, alisikiliza mpaka akachoka.

"Baba Hhando, jana gia ya zamani uliipima saa ngapi?"

Saa kumi na mbili asubuhi, kabla ya basi. Arusha alifika jua kali.

"Ipime tena sasa."

Aliipima. Kidole kilichojikunja kwa baridi ya alfajiri kilikuwa kimenyooka, na tundu halikufika tena kwenye kiungo kama jana.

"Asubuhi vidole vyako havinyooki," Angela alisema. "Unadhani vifungo vya shati nakufungia kwa nini?"

Valeriani alimkodolea macho. Tangu Pasaka anafungiwa vifungo, kimoja kimoja hadi shingoni, naye akidhani mapenzi yamerudi uzeeni, na akijisifu kimoyomoyo. Kumbe! Banda, jina, wateja, vyote vilining'inia kwenye kidole hicho, naye ndiye wa mwisho kujua.

Supeet akageuka kutazama barabara. Valeriani aliokota spoki na tupa atie alama ya kipimo, akakitazama kidole chake. Akampa mkewe.

"Weka wewe. Na kesho shati unifungie kama kawaida, usinikumbushe sababu."

Angela aliilaza spoki juu ya matundu, akaikwangua alama mbili. Kabla ya kuirudisha, alimfunga kifungo cha juu kilichokuwa kimefunguka, ingawa ilikuwa saa saba mchana na vidole vya mumewe vilikuwa vimenyooka vyote.