Nyota za Kioko Nilizokwangua

Niko na miaka sabini na tatu. Nimezika bibi wawili, nimezika studio yangu, na filamu yenyewe nimeona ikifa. Lakini Kioko? Siamini bado.

Jana tumemweka kwa udongo huko Kyumbi. Leo mnaandika hapa kwa group "tulikupenda". Wacheni uongo.

Kioko alikuwa fundi wa redio. Aliunga mbao mbili kwa bawaba ya mlango, akafunga kamera juu. Akizungusha skrubu polepole kwa mkono, kamera inafuata nyota, hazivutiki kuwa mistari kwa picha. Hakuna mtu alimfundisha.

Akapiga Kilimia, zile nyota mama zetu walikuwa wanaangalia ndio wapande. Akaniletea filamu nioshe, picha iende maonyesho ya wilaya.

Na ukitafuta mkono wa wembe Machakos nzima, ni mimi! Makovu meupe ya bibi harusi nilikuwa nayakwangua kwa negative, ile filamu inayogeuza nyeupe kuwa nyeusi, mpaka mama yake anauliza huyu ni nani.

Kwa negative ya Kioko nikaona madoadoa meusi kila mahali. Nikasema, huyu ameacha filamu kwa vumbi. Nikakwangua moja moja, siku mbili. Nikabakisha sita kubwa, zile nyota macho huona.

Kioko akaja na bibi yake Nduku. Akaangalia picha.

"Mulwa, nyota zangu ziko wapi?"

"Nyota gani? Nimekutolea vumbi, tena bure. Sema asante, munyanyawa, rafiki yangu."

"Hiyo vumbi ndio nilikuwa napiga."

Negative ilikuwa imeharibika kabisa. Maonyesho wakamrudishia picha, wakisema: nyota sita, hata ng'ombe anaziona.

Mimi nikubali makosa? Nikatangaza kwa soko kwamba Kioko ndiye alichafua filamu. Mkamwita Kioko wa Vumbi. Hakupiga picha tena.

Jana kwa kaburi mtu akataja hilo jina, mkacheka. Na mimi nikacheka. Aki ya nani, nikacheka!

Kioko, kazi yako ilikuwa safi. Mimi ndiye niliharibu, na nilijua siku ile ile umesimama mbele yangu. Lala salama, ndugu yangu, wasikuite hivyo tena.

Anayebisha aende kwa Nduku, alikuwa hapo counter ya studio. Ama aulize Salim, aliyekuwa ananiuzia dawa za darkroom za kuosha filamu. Alinikuta na wembe mkononi, nusu sijamaliza, akaniambia, "Mzee, hiyo si vumbi." Nikamfukuza.