Maksai Aliyemfundisha Farasi Kutembea

Watu wa Nangwa walinicheka, na mpaka leo wapo wanaonicheka. Nilikuwa dereva wa mashine ya kuvunia ngano kwenye shamba la serikali, mtu wa ovaroli na buti, vijana wananipa shikamoo njia nzima. Shamba likabinafsishwa, sisi tukapunguzwa kazi. Miaka hiyo hiyo tukakatwa kutoka Mkoa wa Arusha tukawa Manyara, na mikutanoni tukaambiwa kwamba maendeleo sasa yamesogea karibu. Haya bwana. Kilichonisogelea mimi kilikuwa farasi.

Mwekezaji aliyechukua kipande chetu alikuja na mke wake, mama wa Kizungu aliyezaliwa Kenya, Kiswahili anakimwaga kama maji. Mama huyo alikuja na farasi mmoja mwekundu, mstaafu wa mashindano ya mbio huko Nairobi. Alikuwa ameshindwa mara nyingi mno mpaka wenyewe wakamchoka. Mama alitaka kumfundisha mchezo mwingine kabisa: kwenda kwa adabu ndani ya uwanja mdogo wa mchanga, kuzunguka duara, kusimama pale pale anapoambiwa, kutembea kiupande huku shingo ameikunja. Yeye aliuita dresaji. Sisi kwenye kambi ya wafanyakazi tuliuita ngoma ya farasi. Uwanja wenyewe aliuchonga pale tulipokuwa tunaegesha mashine zetu.

"Wewe ulizoea kuendesha mashine kubwa," aliniambia. "Huyu naye ni mashine, ila ana moyo. Akitulia, utaendelea kukaa kwenye nyumba yako ya kambi. Asipotulia, yeye nitampiga risasi na wewe utatafuta pa kwenda."

Nieleze hiyo nyumba ilikuwa nini kwangu. Vyumba viwili, bati juu, saruji chini. Shamba la baba yangu kaka zangu walishagawana nikiwa kwenye ajira, nikijigamba kwamba mimi nina mshahara, udongo wa nini. Nikitoka kambini sikuwa na pengine pa kwenda ila Masakta, kwa wazazi wa mke wangu. Mwanaume mzima kuhamia ukweni na mke na watoto, kuambiwa "karibu chakula" na mkwe kila siku ya Mungu! Afadhali kuugua. Kwa hiyo nilimshika yule farasi kwa mikono miwili.

Lo, kazi ilikuwepo! Yule mnyama alikuwa hajui kutembea, nasema kweli. Alijua kusimama huku anatetemeka na alijua kukimbia, basi. Ukivuta hatamu kumzuia, anadhani umemwambia aongeze mbio, maana ndivyo alivyozoezwa. Mama alikuwa mpandaji hodari, simnyimi haki yake, lakini nilimwokota mchangani mpaka nikazoea. Bati likigongwa na upepo, farasi anatoka jasho, macho pima, anasubiri mbio zianze. Nilimwonea huruma. Hata mimi nikisikia trekta linawashwa asubuhi nilikuwa nasimama bila kujua naenda wapi.

Siku moja, mama akijikung'uta mchanga kwa hasira, nikamwambia: kwetu dume changa halifundishwi kulima na mtu. Linafungwa nira moja na maksai mzee. Mzee akisimama, kijana atasimama, apende asipende. Mama akacheka, kisha akaacha kucheka.

"Mlete huyo mzee," alisema.

Nikaenda Masakta kuazima. Baba mkwe alikuwa na maksai mweusi aliyekwisha kufundisha nusu ya ng'ombe wa kulima wa pale kijijini.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Leo umekumbuka njia?"

Nikaeleza shida yangu. Alinisikiliza mpaka mwisho, akatema mate pembeni. "Ng'ombe wangu akafundishe farasi ngoma! Haya, mchukue. Lakini akirudi ameharibika, utavuta jembe wewe."

Nira haimwingii farasi, hilo hata mimi nalijua. Nilichofanya ni kumwongoza maksai kwa kamba, bega kwa bega na farasi, mama akiwa juu. Mwanzoni farasi alimng'ata mzee wa watu. Mzee akacheua, akaendelea na safari yake. Farasi akirukaruka, mzee hana habari. Akitaka kukimbia, anajikuta anakimbia peke yake, na kumbe farasi naye hapendi upweke. Taratibu akaanza kufuata zile hatua nzito. Zizi tukawawekea moja, wakawa wanakula wamegusana mashavu.

Baadaye maksai akawa anasimama tu pembeni mwa uwanja, na farasi anafanya kazi yake akijua mzee yupo. Asubuhi moja alivuka uwanja wote kiupande, miguu inapishana vizuri, masikio yametulia. Mama alilia machozi. Na mimi nilifurahi, kwa nini nifiche? Nilirudi nyumbani nikamwambia mke wangu, "Mama watoto, panda ule mparachichi wako wa kwenye kopo. Hatuhami." Akaupanda mlangoni, na kila jioni anaumwagilia maji ya kuoshea vyombo.

Wakaja wageni kutoka Arusha. Mama aliniambia nimfiche maksai nyuma ya stoo, ni aibu kuonekana na ng'ombe. Nikamfunga huko, na farasi akawa anamsikia akipumua na kukohoa. Alicheza siku hiyo! Duara, mshazari, kusimama kama nguzo. Wageni wakapiga makofi, na mimi nikapiga. Kisha nikaona mmoja wao anamfungua mdomo kuangalia meno. Jamani, hata sokoni Katesh tunajua maana ya kuangalia meno.

"Mama," nilisema, "kama ameuzwa, wamnunue na maksai. Nitazungumza na mkwe wangu. Peke yake huyu hatakwenda popote."

Walicheka wote, kwa adabu.

Lori lilipokuja, farasi aligoma kupanda. Wakavuta, wakasukuma, akaanza kutetemeka kama siku za mwanzo. Mama akanigeukia. "Mlete ng'ombe."

Nikampandisha maksai ndani, na farasi akamfuata mwenyewe, mpole, kidevu juu ya mgongo wa mwenzake. Akafungwa kamba. Kisha nikaambiwa nimtoe maksai kwa mlango mdogo wa mbele. Nikamtoa. Mlango ukabamizwa, na farasi akaanza kulia kule ndani huku akipiga ubao kwa kwato. Tulimsikia mpaka lori likashika barabara.

"Umefanya kazi nzuri sana," mama aliniambia. "Mwisho wa mwezi nitaihitaji nyumba. Farasi hayupo, mtunza farasi wa nini?"

"Mama, ulisema akitulia."

"Ametulia," alisema. "Ndiyo maana wamemnunua."

Watu husema shukrani ya punda ni mateke. Punda wamesingiziwa. Mke wangu alijaribu kuung'oa ule mparachichi tuondoke nao, mzizi ukakatika.

Sasa niko Masakta. Nalima shamba la mkwe na yule maksai, na ni kweli aliharibika. Akifika mwisho wa mstari hageuki kama ng'ombe wa watu, anaanza kuzunguka duara, na jembe linachora mviringo katikati ya mahindi. Gari kubwa likipita barabarani ndiyo kabisa: anasimama, anainua kichwa, hatoki mpaka mlio upotee.

"Mpige!" baba mkwe anapiga kelele kutoka kivulini. "Ng'ombe mjinga huyo, anangoja nini?"

Simpigi. Nasimama naye mpaka gari lipite, kisha naitwa kula.