Kinu cha Mikadini

Kwetu Edmonton, hapa London, ukifungua mlango tu, unakutana na ramani. Ni kipande cha kaskazini ya Pemba ndani ya fremu ya kioo, na pembeni baba yangu ametia saini kwa mkono wake. Mie nimekua na ramani ile. Wageni wakija, hawajavua hata makoti, nishawavuta: "Njooni muone, hii kazi ya baba." Wenzangu baba zao walikuwa makarani tu na wauza duka. Wangu mie kaichora Pemba! Ndivyo nilivyokuwa nikisema, kuwa kaichora, na mwenyewe amekaa kitini anakitazama kikombe chake cha chai. Nilidhani ni unyenyekevu. Wallahi nilidhani mtu yule hapendi makuu.

Baba yangu ni Mzee Muhsin, na miaka yake ni themanini na saba. Waswahili wa huku kaskazini ya London wanamjua kwa mwandiko wake, maana hakuna kadi ya harusi wala barua ya hitma ambayo hakuombwa aiandike. Na wanamjua kwa usahihi wake, uliomchosha marehemu mama mpaka akaenda zake. Ukimwambia fulani anakaa nyumba ya mwisho, atakukatiza: "Ya tatu kutoka mwisho." Ukisema basi limechelewa nusu saa, atasema dakika ishirini na mbili. Miaka thelathini alifanya ukarani wa reli hapa na hawakupata kosa lake hata moja. Hayo pia nilikuwa nikiwaambia wageni, mdomo wangu huu.

Ile kazi ya ramani aliifanya akiwa kijana wa miaka kumi na tisa, Mwingereza bado yupo Unguja. Ndege ilikuwa imepita ikapiga picha Pemba nzima, lakini ndege haioni chini ya miti. Basi wakatumwa vijana kwa miguu, kila mmoja na ubao wake na penseli, wakaulize: hapa panaitwaje, nyumba ngapi, kisima kiko wapi. Anachokiandika kijana ndicho kinachochapwa. Baba alikuwa mtoto wa mjini hasa, wa Mkunazini, hajawahi kulala shamba hata siku moja.

Mwaka jana ukaja mradi. Maktaba moja ya ramani hapa London iliamua kuzitia kwenye kompyuta ramani zote za iliyokuwa dola ya Mwingereza, na ilitaka kuzisahihisha kwanza kwa kuwauliza wenyewe. Kwa upande wetu walimtuma Mahendra, kijana wa Kingsbury ambaye babu yake alikuwa na duka la vitambaa Wete, na Kiswahili chake kakitoa kwa bibi yake. Mwembamba, miwani, mkali kwa mambo madogo. Siku ya kwanza, kwenye ukumbi wetu wa jumuiya, alituonesha ramani ya zamani ambayo nchi zote za Mwingereza zimepakwa wekundu mmoja. "Huu ni uvivu," akasema. "Kenya bara ilikuwa koloni. Unguja na Pemba zilikuwa himaya, na Sultani wake. Na ukanda wa pwani, Mombasa mpaka Lamu, ulikuwa wa Sultani, umekodishwa. Kila kimoja kipakwe rangi yake." Baba akatikisa kichwa kwa raha, akaniambia sikioni, "Huyu ndiye mtu."

Mahendra alikuwa na sharti moja. Jina ambalo halimo kwenye ramani ya zamani haliongezwi ila kwa mashahidi wawili, tena wasiwe wa familia moja. Na mwisho wa mwezi ramani inafungwa. Baada ya hapo itakwenda maskulini na kwenye simu za watu, na lisilomo ndiyo basi tena.

Hapo ndipo aliposimama Bi Sundus. Bi Sundus ni Mpemba, mjane wa Tottenham, mfupi, ambaye alifanya kazi ya kutunza wazee mpaka magoti yake yakagoma. Alikuwa kaja na mjukuu wake wa kike. Akasema, "Kwetu hakumo."

"Wapi, bibi?" Mahendra akauliza.

"Mikadini. Nyumba kumi na nne. Nimezaliwa pale, na mama yangu kazikwa pale."

Mahendra akakuza picha ukutani. Mahali Bi Sundus alipopaonesha pamechorwa miti, na pameandikwa msitu, hapakai watu. Akamuuliza kama yuko mwengine wa Mikadini hapa London. Bi Sundus akasema hayuko. Walihamishwa yeye akiwa msichana, watu wakatawanyika, na aliobaki nao wamekufa.

Sasa nani kaniita mie? Hakuna. Niliinuka mwenyewe, na kanga yangu mpya, nikasema kwa sauti ya kusikika nyuma: "Bi Sundus, labda unachanganya na kwengine. Baba kapita huko kwa miguu yake. Pangekuwa na kijiji angekiandika. Au mlikuwa mkikaa juu ya miti?"

Ukumbi ukacheka. Hata mjukuu wake alicheka, akamwambia kwa Kiingereza, twende zetu bibi. Bi Sundus aliuweka sawa mtandio wake, akakaa. Mie nikamgeukia baba nione kama kafurahi, nikamkuta anatazama viatu vyake. Alitaka kurudi nyumbani kabla ya chai.

Wiki mbili zile baba hakuwa baba. Nikitoka kazini namkuta kasimama mbele ya ramani, pua inakaribia kioo. Siku moja akaniuliza, "Yule bibi kasema nyumba ngapi?" Nikamwambia kumi na nne. "Kumi na nne," akarudia. Nikamwambia asijisumbue, wazee wengine wanachanganyikiwa. Alinitazama jicho ambalo hajapata kunitazama nalo tangu nilipovunja chupa ya wino nikiwa na miaka sita, akaenda kutawadha.

Siku ya mwisho ilikuwa Jumamosi, na ukumbi ulijaa. Kina mama tulipika pilau na wali wa nazi, maana baada ya kazi baba alikuwa apewe cheti, yeye ndiye pekee aliye hai katika vijana wale. Mie nilikuwa nimeshawaita mpaka wenzangu wa kazini. Bi Sundus alikaa safu ya mbele peke yake, mjukuu wake nyuma. Mahendra akamwambia kwa upole kwamba hajapata shahidi wa pili, na kwamba anasikitika. Bi Sundus akasema, "Haya." Neno hilo tu.

Kisha akaitwa baba. Alipanda pale mbele na fimbo yake, Mahendra kakishika cheti kwa mikono miwili. Baba hakukipokea.

"Kirudishe," akasema. "Shahidi wa pili ni mimi."

Nilicheka kidogo. Nilidhani anatania.

"Nilitumwa Mikadini," akasema. "Jina nilipewa kule ofisini Wete, lilikuwa kwenye orodha yangu. Lakini kabla sijapanda meli Unguja, watu wa mtaani kwetu walikuwa wamenijaza maneno. Usile kwa Mpemba, usiingie msitu wao, ukisikia kitu kinagonga humo mchana kweupe jua si watu. Nikayaamini. Nilikwenda mpaka mwisho wa njia, kwenye ile miti ya mikadi, mvua imetoka kunyesha. Nikasikia kinu kinatwangwa. Du, du, du. Nilijua ni kinu! Mtu mzima yeyote anajua sauti ya kinu. Lakini miguu ilikimbia. Kiatu kimoja kilibaki kwenye tope na sikurudi kukiokota."

Mie masikio yalikuwa yanawaka moto.

"Bwana mkubwa wangu, Mzungu, aliniuliza umekuta nini," baba akaendelea. "Ningemwambiaje kuwa nimekimbia kinu? Niliona haya. Nikaandika msitu, hapakai watu. Kwa mwandiko mzuri. Tangu siku ile nahesabu kila kitu ili nisikosee, na lile moja nimelitundika ukutani, mwanangu anawaonesha wageni."

Ee Mola. Nilitamani ardhi inimeze hapohapo, na wenzangu wa kazini wananiuliza kwa Kiingereza anasema nini, anasema nini.

Mahendra alivua miwani, akaivaa tena. Nilimuona anateseka, lakini Mahendra ni Mahendra. "Mzee, samahani," akasema. "Wewe hukuona. Ulisikia tu. Kinu kingeweza kuwa cha watu waliopiga kambi tu."

"Cha kushoto," akasema Bi Sundus.

Watu wote wakamgeukia. Hakusimama, aliyasema pale alipokaa.

"Kiatu. Cha raba, cheupe, cha mguu wa kushoto. Nilikuwa na miaka saba, mimi ndiye niliyekiokota. Mama alikiosha, akakitundika kwenye boriti, mwenyewe akija apewe. Kilikaa pale mpaka siku tuliyohamishwa."

"Kilikuwa cha kushoto," baba akasema.

Mahendra akaandika. Akauliza walihamishwa vipi, na Bi Sundus akaeleza bila kupandisha sauti. Miaka minne baadaye walikuja watu wa serikali na karatasi mkononi, wakaitandaza juu ya mkeka wa baba yake, wakasema hapa ni msitu, tazameni wenyewe, hapakai watu. Baba yake akawaambia, na sisi ni nani basi? Wakapewa siku kumi. Mama yake alikuwa kishazikwa, wakamwacha.

Kisha akamtazama baba yangu. "Mzee Muhsin, sheha wa kijiji alikuwa katuambia atakuja mgeni wa serikali, kijana wa mjini, anaandika majina. Tulifagia njia. Mpunga wetu ulikuwa kidogo mwaka ule, mama akautoa wote." Akaufunga mtandio chini ya kidevu. "Kile kinu ulichokisikia, alikuwa anakutwangia wewe."

Baba alikaa chini pale pale, kwenye ngazi ya jukwaa, mtu wa miaka themanini na saba. Sikwenda kumshika. Sijui kwa nini sikwenda.

Mahendra alimletea karatasi ya ushahidi. Baba akatoa penseli yake mfukoni, Bi Sundus akasogea karibu, akawa anataja nyumba moja moja kutoka kisimani, na baba anaandika. Mwandiko wake ule mzuri ukawa kama wa mtoto wa darasa la kwanza. Alipofika ya kumi na nne akahesabu upya mara mbili. Mahendra akabonyeza, na pale ukutani, katikati ya miti, pakatokea Mikadini.

Mie nilikwenda kwa Bi Sundus watu walipoanza kuinuka. Nilikuwa nimepanga maneno na yote yalikimbia. Nikapiga goti mbele yake, nikasema, "Nisamehe, mama. Nilikucheka mbele ya mjukuu wako."

Aliniangalia sana. "Nitakusamehe," akasema. "Lakini si leo."

Nikasema nimeelewa. Nilielewa kweli, na mpaka hivi sasa nasubiri. Kila Ijumaa nampigia simu, ananijibu salamu yangu vizuri, ananiuliza hali ya baba, na hilo jengine halitaji. Ramani sijaishusha ukutani. Baba kakataa. Kasema wageni wakija niwaoneshe, lakini nianze na ule msitu.

Ila nimalize ya siku ile. Chakula kilikuwa tayari na hakuna aliyejua kama inafaa kula. Bi Sundus, na magoti yake yale, aliinuka, akaenda mezani, akachukua sahani. Hakugusa pilau. Alipakua wali mweupe, mwingi, akaubeba taratibu mpaka kwenye ngazi alipokaa baba, akamwekea mapajani. Mjukuu wake akaleta maji ya kunawa.

"Kula," akamwambia. "Umechelewa, lakini kula."

Baba akanawa, akala. Aliula wali wote, punje kwa punje, machozi yanamdondokea kwenye sahani, na ukumbi mzima tulisimama tunamngoja amalize.